Mstari Uliokataa Kushuka

Mstari ulikataa kushuka.
Wenzake wote walipenya jeli kwa kuvutwa na umeme,
wepesi mbele, wazito nyuma, kama desturi ilivyo;
huu ukabaki juu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina akajifanya hasikii.
Ilikuwa Januari, Aarhus, theluji chafu imelala dirishani,
nami nina miaka thelathini na mmoja
na mkataba wa miezi sita.

Miezi sita, akasema Profesa Bruun, haitoshi kuwinda vivuli.
Akaandika kwa wino mwekundu pembeni mwa picha: takataka.
Nikarudia. Nikabadili chumvi, nikabadili maji,
nikasugua vyombo mpaka vidole vikapasuka.
Mstari uleule, mahali palepale.
"Jeni husomwa kutoka kichwani kwenda mkiani, Gudrun.
Kinyume chake ni kosa lako, au la seli. Chagua."
Nikachagua langu. Nikaibandika picha daftarini, nikafunga.

Nikafunga mengi miaka ile:
ndoa yangu na Esben, nyumba ya Risskov,
baiskeli ya mama niliyoifungia ghalani nikapoteza ufunguo.
Daftari tu lilihama nami, kabati hadi kabati,
bila mtu kuniuliza ni la nini.

Ni la nini? anauliza leo Rokas, mwanafunzi kutoka Kaunas,
mkono mmoja na mkate, mwingine unafunua kurasa zangu.
Natoa mkasi. Natoa risiti ya viazi na siagi.
Naandika juu yake: moja, mbili, tatu, nne,
na kati ya namba naacha nafasi tupu, ndizo introni.
Tazama, namwambia. Seli hukata nafasi hizi, huzitupa,
kisha huunga moja na mbili, mbili na tatu, tatu na nne.
Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofaulu mtihani.
Lakini kuna nyakati mkia wa tatu haumngoji nne.
Hugeuka. Huruka nyuma.
Hushika kichwa cha mbili na kukigandamiza.

Kigandishe, basi, anasema, akinipa gundi.
Kipete cha karatasi kinabingirika mezani,
kinapita kikombe cha kahawa, kinaanguka sakafuni.

Usiku tunamimina kimeng'enya kile chenye njaa.
Hula RNA yoyote yenye ncha:
huanzia mwishoni, hutafuna kurudi mwanzoni,
hakibakizi hata herufi.
Hakuna lenye mwanzo lisilo na mwisho, tumezoea kusema,
na kimeng'enya hiki kinaishi kwa methali hiyo.
Asubuhi neli ni kama imeoshwa.
Kilichosalia ni duara.
Kimelizunguka usiku kucha, hakikuona pa kuuma.

Pa kuuma hapana; pa kusifia je?
Rokas ameshaanza kunitungia utukufu.
Namtuliza. Zimejaa ubongoni, ndiyo,
na mojawapo hunywa RNA ndogo kama dodoki linywavyo maji.
Nyingine, nyingi mno, hatujui zinafanya nini.
Huenda baadhi yake kweli ni takataka.
Nasema hivyo kwa haki ya marehemu Bruun,
aliyekosea, ila si kwa yote,
na aliyenifanyia mkataba wa pili bila kuombwa.

Bila kuombwa, Rokas anatoka, ananiachia chumba.
Wino mwekundu umefifia, umekuwa rangi ya chai.
Sikuufuta.
Ijumaa nastaafu; watanipa maua, na hotuba fupi
ya mtu asiyejua nilikaa benchi lipi.
Nashika penseli. Chini ya neno lake naandika tarehe ya leo,
halafu, kwa mwandiko wa msichana wa miezi sita,
naandika nilichopaswa kuandika siku ile
bila kuomba radhi:
mstari ulikataa kushuka.